Umetumwa na Nani?

Mvua ya jana ilipenya chumbani, na leo nilipokuwa nikianika vitabu juani nimelikuta daftari langu la mwaka 2015. Wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu wa tarehe 25 Oktoba mwaka ule nilipata kibarua cha udodosaji: kupita Mwaloni Kirumba, Igogo na Mabatini, hapa Mwanza, nikiwauliza watu wangekipigia kura chama gani, na kwa nini. Nimelisoma hadi jua likazama ziwani.

Swali la kwanza katika dodoso lilihusu umri, lakini swali la kwanza katika kila mazungumzo lilikuwa la anayeulizwa: "Umetumwa na nani?" Wakati ule nililijibu upesi ili niingie kazini. Leo naamini kwamba kazi yenyewe ilikuwa palepale. Pale Mwaloni, mama mmoja aliyekuwa akichambua dagaa wa Ukerewe alikitazama kilemba changu, ambacho kilikuwa cha kijani, rangi ya chama tawala CCM, bila mimi kufikiria lolote, kisha akatangaza kwa sauti ambayo majirani wote waliisikia kwamba yeye ni mtu wa CCM tangu enzi za Mwalimu. Siku mbili baadaye nilirudi kununua dagaa wa nyumbani, sina dodoso wala kalamu. Alinikumbuka, akanipa kigoda, akainama akaniambia, "Mayu, ushuru wa gunia umetuchosha. Safari hii tutajaribu wengine." Jibu lake la kwanza lilikuwa limeshawasilishwa.

Sisemi kwamba alinidanganya. Mtu anayeuza mahali ambapo mkusanya ushuru, kada wa chama na mteja wote wanapita mbele ya meza yake anajua kila neno linafika wapi, na ana watoto wa kulisha kabla ya kunifurahisha mimi na karatasi zangu.

Mwaka ule, isitoshe, maoni yenyewe yalikuwa yakihama. Mwanza ilikwisha kuonja mabadiliko mwaka 2010, Ezekia Wenje wa Chadema alipomshinda Lawrence Masha, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, katika Jimbo la Nyamagana, na Ilemela nayo ikaenda upinzani. Sasa CCM ilikuwa imemsimamisha John Magufuli wa Chato, mtu wa Kanda ya Ziwa, na wapo wazee waliosema wazi kwamba chama hawakipendi ila mtoto wa nyumbani hawawezi kumnyima. Upande wa pili alikuwa Edward Lowassa, aliyejiuzulu uwaziri mkuu mwaka 2008 kufuatia sakata la mkataba wa umeme wa Richmond na kuhamia Chadema Julai 2015. Kijana mmoja wa bodaboda pale Mabatini, amevaa gwanda la Chadema, alinieleza kwa uchungu wa kweli kwamba kwa miaka kadhaa alikuwa amembishia baba yake juu ya mtu huyo, na sasa hakujua aanzie wapi kumweleza kwamba atampigia kura. Dodoso langu halikuwa na nafasi ya jibu kama hilo, nami nililifupisha kwa neno moja: Chadema.

Septemba ile shirika la utafiti la Twaweza walitoa matokeo ya utafiti wao wa Tanzania Bara uliofanywa kwa simu: asilimia 65 kwa Magufuli na 25 kwa Lowassa. Vijiwe vya kahawa havikulala. Matokeo rasmi yalipotangazwa, Magufuli alikuwa na asilimia 58 na Lowassa karibu 40. Utafiti ulitangulia kura kwa wiki kadhaa, na katika wiki hizo watu wengi wanaweza kubadili nia, kwa hiyo simlaumu aliyeuliza. Hata hivyo, kila nikiziona tarakimu hizo namkumbuka mama wa dagaa.

Marehemu baba alikuwa akisimulia jinsi Tume ya Nyalali ilivyokusanya maoni mwaka 1991 kuhusu nchi kubaki na chama kimoja au kuwa na vyama vingi. Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, lakini Tume ikapendekeza vyama vingi, kwa kuwa asilimia 20 si watu wa kupuuzwa na wengi wa wale 80 nao walitaka marekebisho makubwa. Mwaka 1992 mfumo ukabadilika. Nilipokuwa mdogo niliona ajabu kwamba wengi walishindwa na wachache. Baada ya Mwaloni nilianza kujiuliza wangapi kati ya wale wengi walizungumza huku mwenyekiti wao akiwatazama.

Ukurasa wa mwisho wa daftari ni wa mzee mmoja mvuvi wa Igogo. Nilimwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," akaitikia kwa furaha, tukazungumza muda mrefu juu ya nyavu na bei ya sangara. Nilipofikia swali la chama alinyamaza. Nikatia alama kwenye kisanduku cha "Hajui", maana hapakuwa na kingine cha kufaa. Alikuwa akiifuata kalamu yangu kwa macho.

"Usiandike sijui, mwanangu," alisema. "Najua. Andika nimekataa kusema."

Nikayaandika maneno hayo pembeni ya karatasi. Jioni, msimamizi wangu alipoingiza majibu kwenye kompyuta, aliingiza kisanduku peke yake, akamhesabu mzee yule miongoni mwa wasiojua. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, na sikusema neno.