Nilivyoacha kukimbia kwa wiki kadhaa, nikarudi na kasi kuliko ya zamani

Ninaandika haya nikiwa bado na kinyongo kidogo na wale walionihakikishia kwamba mkimbiaji akipumzika zaidi ya siku mbili damu yake hulala na pumzi hukata. Katika kikundi chetu cha jogingi hapa Kigoma maneno hayo ni amri, na anayekosekana alfajiri huulizwa kama ana homa au kama amefiwa. Mimi nilikosekana kwa wiki tatu hivi kwa hiari yangu, sikuwa na homa wala msiba, na leo ninaupanda mlima wa kutoka stesheni ya reli kuelekea Mwanga bila kusimama, jambo ambalo kukimbia mfululizo mwaka mzima hakukuwahi kunipa.

Njia yangu ilikuwa Mwanga hadi Ujiji na kurudi, juu ya lami, karibu kila siku. Muundi wa mguu wa kushoto ulianza kuuma mwanzoni mwa mbio tu, baadaye ukauma mbio nzima, na mwisho ukauma hata niliposimama ubaoni nikifundisha. Usingizi ukawa wa mang'amung'amu. Mapigo ya moyo ya asubuhi, ambayo huwa ninayahesabu kabla ya kutoka kitandani, vidole viwili shingoni na macho kwenye saa ya ukutani, yalipanda kutoka hamsini na kitu hadi kupita sitini na tano. Kadiri nilivyojikaza ndivyo nilivyochelewa kufika.

Ushauri haukukosekana. Mmoja alinielekeza kuchua mguu kwa mafuta ya mawese ya moto yenye chumvi, nikanukia kama sufuria ya maharage kwa siku kadhaa na muundi ukabaki vilevile. Mwingine alishikilia kwamba maumivu ya mbio hutibiwa kwa mbio. Aliyeniudhi kuliko wote ni mtaalamu mmoja aliyeiinua picha yangu ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha, akasema mfupa ni mzima na kwamba niendelee kama kawaida. Ni kweli picha ilikuwa safi, lakini ufa mdogo unaotokana na mfupa kuchoka mara nyingi hauonekani kwenye eksirei katika wiki za mwanzo, na hujitokeza pale mfupa unapokuwa umekwisha kuanza kujiunga. Kidole gumba kilinisaidia zaidi. Maumivu yakitawanyika kwenye sehemu ndefu ya muundi unapobonyeza, mara nyingi shida iko kwenye misuli na utando unaofunika mfupa. Yakijikusanya mahali pamoja, padogo pa kufunikwa na ncha ya kidole, mtu aache kukimbia siku hiyohiyo na arudi hospitali akasisitize. Yangu yalitawanyika, nikamshukuru Mungu.

Mfupa unaogongwa kila siku na lami huanza kwa kupungua: chembe za aina moja huondoa sehemu iliyochoka, kisha chembe za aina nyingine hujaza upya, na kazi hiyo ya kujaza ni ya polepole, huchukua miezi. Kano nazo hupata damu kidogo kuliko misuli, kwa hiyo misuli inaweza kujisikia imepona huku kano ya kisigino ikiwa bado nyuma. Ama hiyo pumzi inayosemekana kukata, kinachopungua upesi ni maji ya damu, ambayo hushuka ndani ya siku chache za kwanza na kuufanya moyo upige kwa nguvu siku unaporudi barabarani. Uwezo wenyewe wa mwili kutumia oksijeni hauguswi sana kwa siku kumi za mwanzo, na hata kufikia wiki ya tatu kwa mtu aliyezoea mazoezi hupungua kwa asilimia chache tu. Wenzangu wanakutana na huo moyo unaodunda siku ya kwanza, wanadhani wamepoteza kila kitu, na tangu hapo hawathubutu tena kupumzika.

Nilijaribu kwanza mapumziko ya nusu, yaani kutembea tu wakati wa jioni kwa kushuka kuelekea Kibirizi. Jioni ya kwanza nilitembea kiungwana kabisa. Iliyofuata, kijana mmoja mwenye dumu tupu la maji alinipita akiwa amevaa kandambili, naye hata hakutazama pembeni. Nikaongeza hatua kidogo ili tuwe sambamba, akaongeza na yeye; hatua zikageuka mchakamchaka, na kijana alipogeuka akaona mtu mzima mwenye kipara anamjia mbio, akadhani anafukuzwa, akalishika dumu kwa mikono miwili na kutimka. Tulipita mbele ya akina mama waliokuwa wakigeuza dagaa kwenye vichanja, na mmoja wao, ambaye nilimfundishia mtoto, akapaza sauti: "Mwalimu, kwani amekuibia nini?" Sikuwa na pumzi ya kumjibu. Usiku huo muundi uliwaka moto, na mama watoto, aliyeniona nikiukanda kwa maji baridi, hakuuliza swali lolote kwa sababu habari ilikuwa imekwisha kumfikia.

Ndipo nilipobuni mbinu ambayo mpaka sasa ninajisifia. Nilivipeleka viatu vyangu vya mbio, vya mtumba lakini imara, kwa fundi wa viatu sokoni Mwanga, nikamwambia ashone soli taratibu, nikamlipa yote mapema pamoja na elfu chache za ziada, kwa sharti kwamba asinirudishie mpaka mwezi uandame, hata nikimbembeleza. Bila shaka nilikwenda kumbembeleza kabla ya wiki ya kwanza kuisha, nikisingizia kwamba nimealikwa kwenye bonanza. Fundi hakuinua hata kichwa. "Mwalimu, mwezi ninauangalia kila usiku," alisema mbele ya wateja wake, "na wewe rudi nyumbani ukasahihishe madaftari." Viatu vyangu vilikuwa vinaning'inia juu ya kichwa chake, vimekwisha kushonwa vizuri.

Wiki ya kwanza nilikuwa na hasira za bure na nilikula kuliko kawaida. Katika ya pili usingizi ulirudi, ule wa kutosikia hata jogoo, na mapigo ya asubuhi yakashuka tena. Siku niliyorudi moyo ulidunda kama nilivyotarajia, na baada ya wiki moja hivi ukatulia. Nilikuwa nimechagua njia za udongo na kukimbia siku moja, siku moja kupumzika, kwa nusu ya umbali wa zamani. Kikundini walinikabili na jina la Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa marathoni wa Tanzania, wakisema bingwa hapumziki. Niliwajibu kwamba mwaka 2025 Simbu alishika nafasi ya pili kwenye marathoni ya Boston mwezi Aprili, na dhahabu ya dunia kule Tokyo akaitwaa Septemba, kwa saa 2:09:48, akimshinda mpinzani wake kwa sekunde 0.03 tu, waniambie wao, wanaotaka kushindana na saa kila alfajiri, wamemwona wapi bingwa wa marathoni anayeshindana kila wiki.

Sasa nimejipangia likizo mbili kwa mwaka, moja baada ya nusu marathoni yoyote nitakayokimbia na nyingine mvua za Machi zinapokolea. Fundi amekwisha kunitaarifu kwamba safari ijayo bei itapanda, kwa kuwa kushona soli ni kazi moja na kumzuia mwalimu ni kazi nyingine.