Ukoo wa Boone kwenye ukuta wa jikoni: kumbukumbu ya mradi wangu, Januari hadi Mei

Januari 11

Leo nimebandika karatasi ya kwanza ukutani, kati ya jokofu na dirisha. Ni ile karatasi ya kahawia ya kufungia vifurushi, nimekata kama mita mbili. Yote yameanza na kazi ya shule ya binti yangu: kila mtoto achague familia moja ya walowezi wa kwanza wa Kentucky, jimbo letu hapa Marekani, achore mti wake hadi vizazi vitatu. Yeye alichagua Boone, akachora, akapata alama zake, akaendelea na mengine. Mimi nimebaki nayo.

Tunaishi Lexington, huu ni mwaka wa saba. Kutoka hapa hadi Boonesborough, pale Daniel Boone, mwindaji na mlowezi mashuhuri, na wenzake walipojenga ngome mwaka 1775 kando ya mto Kentucky, ni kama nusu saa kwa gari. Jina lake liko kwenye barabara na vibao kila upande, na mimi sikuwa najua hata baba yake alikuwa nani.

Jioni nikampigia mama, Kigoma. Baada ya shikamoo na marahaba nikamweleza ninachofanya. Hakuniuliza huyo Daniel alifanya nini kikubwa. Aliuliza, "Ni mtoto wa nani? Na mama yake katoka kwa akina nani?" Nimeandika maswali hayo mawili juu kabisa ya karatasi.

Januari 25

Mtoto wa nani, basi. Babu yake, George Boone, alikuwa mfumaji wa Bradninch, huko Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza. Alikuwa Mkweka, muumini wa lile Kanisa la Marafiki ambalo leo, magharibi ya Kenya, lina watu wengi kuliko pengine popote duniani. Alitanguliza Marekani watoto wake watatu wakaone nchi, kisha mwaka 1717 akavuka yeye, mkewe Mary Maugridge na watoto waliobaki, wakashukia Philadelphia. Mmoja wa wale waliotangulia ni Squire. Mwaka 1720 Squire alimwoa Sarah Morgan, binti wa Wakweka waliotoka Wales. Daniel ni wa sita kati ya watoto wao 11, alizaliwa mwaka 1734 katika bonde la Oley, Pennsylvania.

Swali la pili la mama nalo limejibika: kwa akina Morgan, watu wa Wales.

Sasa nieleze kilichonikosesha usingizi. Mwaka 1788 mwalimu mmoja wa ukoo huo, James Boone, aliandika nasaba yao kwa mkono. Baba yake na Squire walizaliwa tumbo moja. Alipofika kwa babu yao George, aliyefariki mwaka 1744, akahesabu aliowaacha hai: watoto 8, wajukuu 52, vitukuu 10. Jumla 70. Halafu akaongeza kwamba hiyo ndiyo hesabu ya nyumba ya Yakobo ilipoingia Misri. Niliisoma kwa sauti jikoni, peke yangu. Nimewajua wazee wa namna hii tangu utotoni, wale ambao mtu akifa kwanza wanahesabu waliobaki. Sikutegemea kumkuta mmoja Pennsylvania.

Februari 2

Tarehe zimenila jioni nzima.

Daniel alizaliwa Oktoba 22 au Novemba 2? Zote mbili ni sahihi. Mwaka 1752 Uingereza na makoloni yake walibadili kalenda na kuruka siku 11. Yeye mwenyewe aliendelea kushika Oktoba 22 maisha yake yote. Kabla ya hapo mwaka mpya ulianza Machi 25, kwa hiyo mtu aliyezikwa Februari anaweza kuonekana amekufa mwaka mmoja kabla ya ule tunaouhesabu sisi. Na Wakweka hawakutaka majina ya miezi wala ya siku, kwa kuwa mengi ni ya miungu ya kale. Waliandika namba tu. Kwa kuwa mwezi wao wa kwanza ulikuwa Machi, "mwezi wa saba" katika daftari la kabla ya 1752 ni Septemba. Nilikuwa nimeandika Julai mahali pengi.

Hili halipaswi kumshinda mtu aliyekulia saa moja ikiwa ndiyo saba ya Wazungu. Ukishajua hesabu imeanzia wapi, mengine yanafuata. Siku ya kwanza ya Mkweka ni Jumapili. Yetu sisi, kwa jina lake lenyewe, ni Jumamosi. Nimeamua hivi: kalamu nyekundu kwa tarehe kama ilivyo kitabuni, kijani kwa tarehe iliyosahihishwa. Nyekundu haifutwi kamwe.

Februari 22

Fundo la akina Bryan. Nimelifungua, na nimelifurahia kuliko lolote hadi sasa.

Kwanza, jinsi akina Boone walivyofika karibu nao. Sarah, binti mkubwa wa Squire, aliolewa mwaka 1742 na mtu asiye Mkweka. Squire akaitwa na wazee wa kanisa, akaomba radhi. Mwaka 1747 mwanawe Israel naye akaoa nje. Safari hii Squire alikataa kuomba radhi, na mwaka uliofuata wakamtenga. Muda si mrefu akauza shamba, familia ikashuka kusini hadi bonde la Yadkin, North Carolina. (Ugomvi wa kanisa ni neema kwa anayefuatilia nasaba. Kila mashtaka yameandikwa: nani kamwoa nani, lini, na nani kakasirika.)

Jirani zao Yadkin walikuwa akina Bryan. Mwaka 1755 Mary Boone, dada wa Daniel, akaolewa na William Bryan. Agosti 14, 1756 Daniel akamwoa Rebecca Bryan. Baadaye Edward, mdogo wake Daniel, akamwoa Martha, ndugu yake Rebecca. Vitabu vya Kiingereza vinapita hapo haraka, kwa sababu neno lao moja linabeba baba mdogo, mjomba na mume wa shangazi pamoja. Mimi naandika kwa Kiswahili, sina njia ya kukwepa. William Bryan alikuwa mdogo wake Joseph, baba yake Rebecca. Kwa hiyo William ni baba mdogo wa Rebecca na papo hapo ni shemeji wa Daniel. Na Mary? Kwa Rebecca, Mary ni wifi, dada wa mume. Ni mama mdogo pia, mke wa baba mdogo.

Nilimuuliza mama, Rebecca angemwitaje. Alikaa kimya kidogo. "Aliolewa nani kwanza?" Mary, nikamwambia, mwaka mmoja kabla. "Basi alishakuwa mama mdogo. Ataendelea kumwita mama mdogo."

Ukutani nimeunganisha familia hizo mbili kwa nyuzi tatu za sufi. Watoto wa Daniel na wa Edward wana baba ndugu na mama ndugu.

Machi 8

Kosa, na nimelisahihisha. Kwa wiki sita Jesse na Jonathan, yatima wawili, walikuwa kwenye mti wangu kama watoto wa Israel Boone mwana wa Daniel. Sivyo. Wao ni watoto wa Israel mkubwa, kaka yake Daniel, aliyekufa kwa kifua kikuu mwaka 1756. Daniel na Rebecca, maharusi wapya, waliwachukua wakawalea. Israel mdogo, mwana wao, aliuawa vitani Blue Licks, hapa Kentucky, Agosti 19, 1782, akiwa na miaka 23, hajaoa.

Ukoo huu una akina Israel, akina Squire, na akina Daniel wasiohesabika. Kwetu pia mjukuu hurithi jina la babu, kwa hiyo nilipaswa kuwa macho. Tangu leo hakuna jina linaloingia ukutani bila jina la mama kando yake.

Machi 15

Kila nikitaja mradi huu, kuna mtu wa kuniambia bibi yake alisema wao ni wa Daniel Boone. Sikatai neno la bibi wa mtu. Lakini hesabu iko wazi, nami nimeikokotoa mara tatu. Daniel na Rebecca walipata watoto 10, wavulana sita. James aliuawa akiwa na miaka 16. Israel alikufa bila mke. William alikufa mchanga. Wanabaki Daniel Morgan, Jesse Bryan na Nathan. Yeyote anayebeba jina la Boone kutoka kwa Daniel, baba kwa baba, lazima apitie kwa mmoja wa hao watatu. Wengine wote wa jina hilo watakuwa wa kaka zake au wa baba zake wakubwa na wadogo, ambao ni wengi.

Damu yake iliyoenea zaidi inaweza kuwa ile isiyo na jina lake, ya mabinti wanne: Susannah kwa akina Hays, Jemima kwa Callaway, Levina kwa Scholl, Rebecca mdogo kwa Goe. Kuwafuata ni kazi. Sensa za Marekani kabla ya 1850 ziliandika jina la mkuu wa kaya tu, waliobaki ni tarakimu kwenye safu. Za Kentucky za 1790 na 1800 hazipo kabisa. Nabaki na orodha za kodi, wosia, na viapo vya kesi za ardhi, ambamo shahidi huanza kwa kutaja umri wake.

Aprili 5

Siku nzima maktaba, mbele ya mashine ya maikrofilamu. Mtu anayestahili shukrani ya kila anayeutafuta ukoo huu ni Lyman Draper, mkusanyaji wa kumbukumbu za walowezi. Mwaka 1851 alikwenda Missouri, akakaa wiki kadhaa kwa Nathan Boone, mtoto wa mwisho, na mkewe Olive Van Bibber, akiwauliza na kuandika. Karatasi zake ziko Wisconsin, karibu mabuku 500. Mwandiko wake ni mdogo, umebanana, wino wa upande wa pili wa karatasi umepenya na kuvuruga mistari. Mwanzoni nilipata neno moja katika manne. Kufika saa tisa alasiri nilishazoea jinsi anavyoandika herufi zake, nikawa nasoma.

Humo nimenakili lile la mwaka 1778. Februari, Daniel alikamatwa na Washawnee, mojawapo ya makabila ya wenyeji wa asili, alipokuwa na wenzake wakipika chumvi Blue Licks. Chifu wao, Blackfish, akamfanya mwanawe, akapewa jina Sheltowee, yaani Kobe Mkubwa. Juni akatoroka, akakata maili 160 kwa siku nne hadi Boonesborough, akakuta Rebecca amesharudi North Carolina akidhani mumewe amekufa. Washawnee waliipigania ardhi yao, na Blackfish huyo huyo alikuja kuizingira ngome Septemba. Nimemweka kwenye mti kwa mstari wa nukta, mahali pa baba. Binti yangu aliuliza kama inaruhusiwa. Nikamwambia, Blackfish alimwita "mwanangu", inatosha.

Aprili 19

James, yule wa miaka 16. Oktoba 10, 1773, katika safari ya kwanza ya familia kuelekea Kentucky, yeye na wenzake walikuwa wamelala kambini bonde la Powell, nyuma ya msafara, waliposhambuliwa alfajiri. James alipigwa risasi na kuteswa kabla ya kufa. Alimtambua mmoja wa waliomtesa, Mshawnee aliyewahi kukaribishwa nyumbani kwao, akamwita kwa jina. Rebecca alitoa shuka za kitani za kumzikia.

Nilijiuliza: haya ya dakika za mwisho yamejulikanaje? Yamejulikana kwa sababu ya Adam. Kambini walikuwepo watumwa wawili, Charles na Adam. Charles aliuawa. Adam alijificha kando ya kijito, chini ya magogo yaliyokusanywa na maji, akaona na kusikia yote, kisha akapotea porini siku nyingi kabla ya kufika kwa watu na kusimulia. Kila kitabu kinachomlilia James kinasimama juu ya ushahidi wa mtu huyu, na hana jina la baba wala mwaka wa kuzaliwa. Kwenye karatasi yangu ya mita mbili hakuwa na mahali.

Nimekata karatasi nyingine. Nimeibandika chini ya ile ya kwanza, nikaandika Adam, nikaandika Charles, na nimevuta uzi kutoka kwa Adam hadi kwa James.

Njia ya kuwatafuta si ile ya kutafuta wenye jina la ukoo. Unasoma wosia wa mabwana na orodha za mali ya marehemu, ambamo mtu ameandikwa pamoja na bei yake baada ya farasi. Unasoma orodha za kodi zilizowahesabu kwa umri. Sensa za watumwa za 1850 na 1860 zinatoa umri, jinsia na rangi. Majina karibu hakuna. Ni mwaka 1870 ndipo wote wanatokea kwa majina yao. Katikati kuna karibu miaka mia moja.

Mei 10

Frankfort, makao makuu ya Kentucky, makaburini. Mwamba ule wa kaburi la Daniel na Rebecca unatazama mto chini, na ng'ambo kuba la bunge. Kulikuwa na upepo, mto umejaa.

Walihamia Missouri mwaka 1799. Rebecca alifariki Machi 18, 1813. Daniel alifariki Septemba 26, 1820 nyumbani kwa Nathan, akazikwa kando ya mkewe karibu na kijito cha Tuque. Mwaka 1845 Kentucky ikaifukua mifupa na kuileta hapa. Watu wa Missouri hadi leo wanasema lilifukuliwa kaburi la mtu mwingine. Mwaka 1983 mtaalamu wa mifupa aliangalia umbo la plasta la fuvu, lililochukuliwa kabla ya maziko ya pili, akasema huenda ni la mtu mweusi. Kwenye makaburi yale ya Tuque walizikwa watumwa pia.

Nilisimama pale muda mrefu, nikasoma dua niliyozoea kusoma kwenye kaburi lolote.

Usiku huu nimejaza mistari miwili. Kwenye karatasi ya juu, kwa Daniel: alizikwa Tuque Creek 1820, mifupa ilihamishiwa Frankfort 1845, kuna mgogoro. Kwenye karatasi ya chini, baada ya Adam na Charles, kwa kalamu nyekundu: mtu mmoja, jina halikuandikwa, alizikwa Tuque Creek kabla ya 1845. Nimeacha nafasi mbele yake, upana wa kiganja.