Mzee wa makopo

Usingizi wa mchana umegoma na usiku naingia tena kazini, basi acha niandike labda kitatoka kichwani. Ni mama mmoja wa Laos tunayefanya naye dobi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Jumanne alikuja na maua kwenye chupa ya maji akayaweka juu ya mashine ya kukaushia, nikamuuliza nani ana besdei, akasema hakuna besdei, leo ndo siku aliyokufa Gavana Ray.

Mimi huyo Ray nilikuwa namjua kama barabara, ile ya pembeni ya mto hapa Des Moines, jimbo la Iowa, Marekani, inaitwa Robert D. Ray Drive, napita pale nikienda kumchukua mama. Basi akaanza kunisimulia huku tunakunja mashuka. Kwamba wao ni kabila la Tai Dam, kwao hasa ni Vietnam ya kaskazini, wazee wao walikimbilia Laos mwaka 1954, halafu 1975 Laos nayo ikawaka wakavuka mto kuingia Thailand, wakawekwa kambini. Alikuwa mtoto. Hofu yao kubwa ilikuwa kugawanywa, huyu apelekwe huku yule kule, kabila liishe. Kuna Mmarekani aliyewajua akawaandikia magavana kama 30 barua, wapokeeni hawa watu wote pamoja. Robert Ray wa Iowa, Mrepublican kabisa, akamwomba Rais Ford ruhusa kundi zima lije jimbo moja, kitu ambacho serikali haikuwa inataka, maana sera ilikuwa kuwatawanya wakimbizi. Wakaja. Zaidi ya elfu moja, na kazi wakatafutiwa.

Nikamuuliza, sasa nyinyi mlimfanyia nini huyo mzee mpaka akajisumbua hivyo?

Akasema, "Hatukumfanyia kitu. Alipata barua."

Nikasema, "Na sisi tuliandika."

Akasema, "Najua." Akachukua shuka lingine.

Basi hiyo "najua" ndo imeninyima usingizi. Alisema kwa upole au alisema kunifunga mdomo? Kiingereza chake na changu vyote vya kuungaunga, sauti huwezi kuisoma vizuri. Hakuniangalia. Angeniangalia ningejua. Wale mliokaa na sisi Nyarugusu, ile kambi ya wakimbizi Tanzania, mnajua barua ni nini, baba aliandika kwa kila ofisi yenye anwani, akiandikia kwenye goti, akinipa mimi niandike bahasha kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri. Mwishowe sisi tukatoka, namshukuru Mungu, lakini baba mdogo na wanawe bado wako kule, walishamaliza mahojiano, medikali, kila kitu, vitu vyao wameshauza, Januari 2025 mpango mzima wa Marekani wa kupokea wakimbizi ukasimamishwa na ndege yao ikaishia hapo. Kitanda walichouza hawajakinunua tena, anasema anaona aibu kukinunua, ni kama kukubali.

Kwa hiyo nilichotaka kumwambia yule mama, na nimekisema peke yangu kwenye gari mara nyingi sasa, ni kwamba nyinyi mlipata msomaji. Ila ningemwambia hivyo angedhani namwonea wivu, na kweli namwonea.

Jumamosi tulienda Cedar Rapids kupeleka mahari ya kaka, imepokelewa, wajomba wamekula mbuzi, picha nitaweka. Mimi njia nzima nasoma habari za Ray kwenye simu. Aliongoza Iowa kuanzia 1969 mpaka 1983, miaka 14. Mwaka 1979 aliona kwenye TV Wavietnam wanazama na maboti yao baharini, akamwandikia Rais Carter kwamba Iowa itachukua wengine 1,500, na si watu wote hapa walifurahi, wengine walisema kazi zenyewe hazitoshi. Mwaka huohuo akaenda Thailand akaona Wakambodia wanakufa kambini mbele ya macho yake, akarudi akachangisha watu wa Iowa pesa za chakula na dawa. Alifariki 2018 na miaka 89, wakamlaza kwenye jengo la bunge la jimbo watu wakapita kumuaga, mama wa Laos anasema alipanga foleni na mama yake mzee kwenye kiti cha magurudumu.

Halafu nikafika kwenye makopo! Ile senti tano unayorudishiwa kwa kila kopo na chupa tupu unayorudisha, ambayo mama yangu anaiishi, gereji yote imejaa mifuko mpaka gari linalala nje, ile sheria aliisaini Ray mwaka 1978. Nilicheka mpaka wifi mtarajiwa akageuka. Nikamwambia mama palepale, mama, huyu mzee aliyewapokea watu wa Laos ndo huyohuyo wa makopo yako. Mama akanyamaza kidogo akasema, "Kumbe! Mungu amlaze pema." Halafu akafikiri. "Lakini tangu 1978 senti tano tu, mwanangu? Hakuna aliyekuja kuongeza?"

Jana asubuhi kawapigia baba mdogo na wenzake Nyarugusu, kawaambia habari ya gavana wa makopo kana kwamba ni ndugu yetu, nikasikia baba mdogo anacheka kule, kicheko chake kile cha kukohoa, sikuwa nimekisikia tangu Januari. Akauliza, sasa hivi gavana wenu ni nani, ana anwani? Mama akanipa simu mimi nijibu.

Haya. Taa ya injini imewaka tena kwenye gari, yule fundi wetu anasema ni sensa tu niendelee kuendesha, ila nikipanda kile kilima cha kazini kuna kitu kinagonga upande wa kulia na sensa haigongi, na kodi ya nyumba ni wiki ijayo.