Kwenye kimo cha mtoto aliyelala

Watu wakijua kwamba ninatafiti gesi za volkano hapa Goma, mashariki mwa Kongo, swali lao la kwanza ni moja: mlima wetu wa volkano, Nyiragongo, utalipuka tena lini? Nawaelewa. Mama yangu aliukimbia moto wa Januari 1977 akiwa msichana. Mimi niliukimbia ule wa tarehe 17 Januari 2002, nikashikwa mkono mpaka Gisenyi, upande wa Rwanda, huku lava ikikata mji katikati na kuingia ziwani. Mlima ulipolipuka tena Mei 2021 nilikuwa tayari kwenye kazi hii, na ndugu walinipigia simu usiku kucha wakitaka niwaambie wakimbilie upande gani.

Lakini kinachoninyima usingizi si moto. Ni mazuku.

Kwa msomaji wa mbali: kati ya Goma na Sake, kaboni dioksidi hupanda kutoka ardhini kupitia nyufa za mawe. Ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, kwa hiyo hujikusanya mabondeni na kwenye mashimo; hayo ndiyo mazuku. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Usiku usipokuwa na upepo hujaa. Jua likipanda na upepo ukivuma, hupungua. Hewa tunayovuta kila siku ina takriban asilimia 0.04 tu ya gesi hiyo. Ikizidi asilimia 10, mtu huweza kuzimia ndani ya dakika chache, na kuna mashimo ambayo hupita hapo kwa mbali.

Alfajiri moja upande wa Bulengo niliteremka ukingoni mwa shimo la namna hiyo, mwenzangu ameshika kamba juu. Majani yalikuwa yamelowa umande. Palikuwa na ndege amelala ubavu, manyoya yote sawasawa kana kwamba ametoka kutua. Kiunoni kifaa changu kilikuwa kimya. Nilipokishusha magotini kikaanza kulia. Mama mmoja aliyekuwa akipita na bidoni ya maji akasimama, akaniambia: "Binti yangu, hapo mbuzi wangu wawili walilala hawakuamka. Sisi watoto hatuwapitishi hapo kabla ya jua."

Alikuwa anajua saa, mahali na kimo. Tangu siku hiyo sipimi tena kwenye usawa wa kifua peke yake. Nafunga mirija miwili, mmoja juu, mwingine karibu kabisa na ardhi, kwa sababu mtoto wa miaka miwili hapumui hewa ya kifuani pangu, na aliyelala juu ya mkeka hapumui hata ile ya magotini. Vita vilipowasukuma watu wa Masisi na Rutshuru mpaka huku, kuanzia 2022, wengi walijenga vibanda vya turubai kwenye ardhi hiyohiyo ya lava na kulala chini. Mabonde ya kwao waliyajua. Haya ya kwetu hakuna aliyekuwa amewaonyesha. Hilo linaniuma mpaka leo.

Nimewahi kuketi kwenye vikao nikiombwa niandike kumbukumbu wakati wanaume niliosoma nao wakieleza vipimo nilivyochukua mimi. Nimeacha kukubali. Tena ninachokipata mitaani kwa kuwa mwanamke ni sehemu ya utafiti wenyewe: akina mama huniambia ni chumba gani taa ya mafuta huzimika yenyewe, ni mtoto gani huamka kichwa kikimuuma. Hayo siyapati kwenye kifaa chochote.

Ziwa Kivu nalo lina uzito wake. Limebeba chini kabisa takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani, na tangu Ziwa Nyos la Kamerun liteme kaboni dioksidi na kuua watu zaidi ya 1,700 Agosti 1986, hakuna mtafiti anayelichukulia Kivu kirahisi. Ni sawa lifuatiliwe. Ila mazuku huchukua mmoja mmoja, leo mchungaji, kesho mtoto, na kwa kifo cha mmoja haiitishwi mikutano.

Kiangazi kijacho, njia ikiwa salama, nataka kuyapitia mashimo upya pamoja na wale akina mama, tupige rangi nyekundu kwenye mawe mpaka pale gesi inapofika alfajiri. Rangi nimeshanunua. Watakaochagua pa kuanzia ni wao.