Nilivyotandika nyuzi za kioo juu ya ubao wa majini hapa Bukavu

Ziwa Kivu halina mawimbi ya bahari, kwa hiyo ubao niliotaka kuutengeneza ulikuwa ule mrefu na mpana ambao mtu husimama juu yake na kupiga kasia, wala si ule mfupi wa kuteleza juu ya mawimbi. Hata hivyo zote mbili hujengwa kwa namna moja: ndani kuna kiini chepesi, na nje kuna gamba jembamba la kitambaa cha nyuzi za kioo kilichoshikamanishwa na rezini, yaani gundi ya majimaji inayogeuka kuwa ngumu.

Kiini ndicho kinachoamua rezini. Huko California, Hobie Alter na Gordon Clark walipoanza mwaka 1958 kutumia povu la poliurethani badala ya mti wa balsa, povu hilo lilifunikwa kwa rezini ya polisteri, ambayo bei yake ni nafuu na hukauka upesi. Kampuni ya Clark Foam, iliyokuwa ikiwauzia viini vya povu hilo watengenezaji wengi wa Marekani, ilifungwa ghafla Desemba 2005, na baada ya hapo polistireni, povu jeupe la punje ambalo hapa tunaliita frigoliti, pamoja na epoksi, rezini ya aina nyingine, vikapata wafuasi wengi zaidi. Mimi polistireni niliifuata kwa sababu nyepesi zaidi: frigoliti ndiyo niliyoweza kuipata mjini.

Fundi mmoja wa kunyoosha mabodi ya magari aliniambia, “Mdogo wangu, rezini tunayo, ile ya mastiki, ya nini kuagiza nyingine?” Tukadondosha rezini yake ya polisteri juu ya kipande cha frigoliti, na papo hapo likafanyika shimo, kwa kuwa stairini iliyomo ndani yake huyeyusha polistireni. Fundi akacheka, nami nikaagiza epoksi na kitambaa kutoka Kampala.

Frigoliti ya kufungia televisheni haifai, kwani punje zake huachana kirahisi. Inayotafutwa ni ile iliyobanwa zaidi, yenye uzito wa kilo 16 hadi 32 kwa mita ya ujazo. Niliikata kwa waya wa moto, nikaipasua katikati kwa urefu na kubandika humo kipande chembamba cha tripleksi kiwe uti wa mgongo, kisha nikaisawazisha kwa msasa.

Kazi yenyewe ya kutandika ndiyo inayohitaji akili iliyotulia. Hewa iliyo ndani ya frigoliti hutanuka joto linapopanda, na ikitanuka wakati rezini bado ni mbichi, hutoka ikiacha mapovu na vitundu. Kwa hiyo kitambaa hutandikwa wakati joto linashuka, ili kiini kivute rezini badala ya kuisukuma. Hapa kwetu, karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, usiku una baridi, na baridi huifanya epoksi iwe nzito na ichelewe kugumu. Nilichagua alasiri, nikaweka makopo ndani ya maji ya uvuguvugu kabla ya kuchanganya, na usiku nikawasha mbabula (jiko la makaa) nje ya chumba, karibu na mlango, ili moto ukae mbali na rezini.

Kwenye polisteri mtu anaweza kuongeza au kupunguza kidogo kichocheo, yaani dawa inayoigumisha, kati ya asilimia 1 na 2, kulingana na hali ya hewa. Epoksi haikubali hivyo: kigumisho hupimwa kama mtengenezaji alivyoagiza, na kukizidisha hakuharakishi kitu, bali huacha gamba laini. Mchanganyiko ukikaa mwingi katika kopo moja hujichemsha wenyewe, ndiyo maana niliumwaga mapema katika sinia pana.

Nilianza na upande wa chini, tabaka moja la kitambaa cha gramu 200 kwa mita ya mraba, nikikunja kingo zake kuzunguka ubavu. Upande wa juu, unaokanyagwa, ulipata matabaka mawili. Rezini ilimwagwa katikati na kusukumwa kwa kipande cha mpira kuelekea pembeni, mpaka weupe wa kitambaa ukapotea na nyuzi zikaonekana bila kung’aa. Kung’aa ni dalili ya rezini iliyozidi, na ile iliyozidi ni uzito usioongeza nguvu; uzito wake ukikaribiana na ule wa kitambaa, inatosha. Glavu sikuzivua hata mara moja, maana epoksi huweza kuizoesha ngozi mzio usioondoka, na wakati wa msasa nilivaa barakoa kwa sababu ya vumbi la kioo.

Tabaka la mwisho la rezini tupu lilijaza vinyweleo vya kitambaa, likasuguliwa, kisha nikapaka rangi nyeupe, kwani jua huharibu epoksi na pia hupasha hewa iliyofungiwa ndani. Kwa hewa hiyo niliacha tundu dogo lenye skrubu na pete ya mpira. Ubao unapopelekwa Uvira, kwenye Ziwa Tanganyika lililo chini ya Kivu kwa karibu mita 700, mgandamizo wa hewa hubadilika, kwa hiyo skrubu hulegezwa kabla ya safari na kukazwa kabla ya kuushusha majini.