Kazi Moja, Shauku Tatu

Tangu nilipomaliza chuo kikuu, swali ninaloulizwa kila ninapopita, kuanzia mabaraza ya Mji wa Kale hapa Mombasa hadi ndani ya feri ya Likoni, ni hili: "Sasa utafanya kazi gani?" Wanaouliza hawana nia mbaya. Kwa muda mrefu, hata hivyo, sikuwa na jibu, na si kwa kukosa ninachokipenda, bali kwa kupenda mambo matatu kwa pamoja: bahari, ambayo ndiyo niliyosomea shahada yangu, lugha ya Kiswahili, hasa msamiati wa kazi za mikono ambao wazee wetu wanaondoka nao mmoja baada ya mwingine, na hesabu, ambazo tangu shule ya msingi zimekuwa zikinituliza moyo. Baba alinikumbusha mara kwa mara kwamba mshika mbili moja humponyoka, nami nilikuwa nimeshika tatu.

Naandika haya kwa ajili ya wenzangu walio katika hali hiyo, kwa sababu naamini tunafundishwa kuchagua kwa njia isiyofaa. Kijana wa kidato cha nne huchagua kozi za KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi wa Kenya nafasi vyuoni, kwa kuangalia alama zake na jina la kozi, pengine bila ya kuwahi kushinda siku nzima na mtu anayeifanya kazi hiyo. Chini ya mtaala mpya, ambao wanafunzi wake wa kwanza waliingia shule ya upili Januari 2026, uamuzi huo umeletwa mapema zaidi: mtoto wa gredi ya tisa anatakiwa kuchagua mkondo mmoja kati ya sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Mimi ningewekwa mkondo gani? Hadi leo sijui, na nawahurumia watoto wenye moyo kama wangu.

Halafu kuna deni. Mkopo wa HELB, bodi ya serikali inayowakopesha wanafunzi wa vyuo, huanza kulipwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, kwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na anayekiuka masharti ya kulipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kwa kila mwezi. Kwa hiyo mhitimu hana muda wa kukaa akitafakari hadi moyo utulie. Mimi nilikuwa nimebakiwa na miezi saba mjomba wangu aliponiita nikamsaidie katika ofisi yake ya uwakala wa forodha, nami nikakubali siku hiyo hiyo.

Nilikaa ofisini kwa mjomba miezi mitano, na sijutii hata siku moja. Kazi ya uwakala, kwa ufupi, ni kuhakikisha kwamba mzigo ulioshushwa Kilindini, bandari kuu ya Mombasa, umelipiwa ushuru unaostahili na umetolewa bandarini kabla gharama za kuuhifadhi hazijapanda. Kiini chake ni kuupa mzigo jina sahihi. Kila bidhaa inayoingia Afrika Mashariki ina namba yake katika orodha ya ushuru wa pamoja, na namba hiyo ndiyo inayoamua kama utatozwa asilimia 0, 10, 25 au 35, mbali na bidhaa chache zenye viwango vyake pekee. Ukikosea namba, mteja hulipa zaidi ya haki yake, au hulipa pungufu kisha akaandamwa baadaye. Nilipenda mno sehemu hiyo. Niliweza kukaa saa nzima na ankara ya vipuri, nikiuliza kifaa hiki kimetengenezwa kwa chuma au kwa raba, kinafanya kazi gani, na je, kimeletwa peke yake au ni sehemu ya mtambo mkubwa zaidi, mpaka namba ipatikane na roho itulie.

Kilichonichosha ni mengine yote: simu za wateja wenye hasira, kufuatilia lori hadi usiku wa manane, na kusubiri mlangoni kwa hati ambayo iliahidiwa tangu asubuhi. Mjomba huyafurahia hayo. Nilimwona akiweka simu mbili masikioni huku akitabasamu, nikaelewa kwamba kwake yeye ile pirikapirika ndiyo kazi yenyewe, na kwamba namba ninazozipenda mimi, kwake ni karaha ya kupitia haraka.

Hapa sina budi kusema neno kuhusu ile imani ya nyumbani kwetu kwamba bandari ndiyo riziki ya uhakika. Nilisikia hivyo utotoni mwangu kote. Lakini reli mpya ya kwenda Nairobi ilianza kazi mwaka 2017, na makasha mengi yalipoanza kupakiwa moja kwa moja kwenye treni ili yakashughulikiwe bara, mawakala, madereva na wenye maghala wa Mombasa walipoteza kazi. Mwaka 2019 watu waliandamana barabarani kwa ajili hiyo. Agizo la kuzirudisha shughuli hizo Mombasa lilitolewa na Rais Ruto siku alipoapishwa, Septemba 2022. Katika miaka hiyo mjomba alibaki na wafanyakazi wawili tu. Sisemi kazi ya bandarini ni mbaya, ila sikubali tena kwamba mzazi anayemsukuma mwanawe huko anamsukuma kwenye usalama.

Mwishoni mwa mwezi wa tano nilipata nafasi ya muda mfupi ya kuandikisha samaki wanaovuliwa, kwenye bandari ndogo moja ya wavuvi kaskazini ya kisiwa. Vifaa vyangu vilikuwa mzani wa kuning'iniza, ubao wa kupimia urefu, na daftari lenye safu za chombo, zana, idadi ya wavuvi, saa walizokaa baharini, aina ya samaki na kilo. Siku ya tatu, mtumbwi mmoja uliingia ukiwa na samaki wa malema, yaani mitego ya kusuka, nikaanza kupima na kuandika: tafi, pono, changu, changu, changu. Mzee mwenye mtumbwi, ambaye nilikuwa nimemwamkia tu bila ya mazungumzo, aliinama akatazama daftari langu.

"Changu yupi, mwanangu? Hawa si wamoja."

Alimshika mmoja akamgeuza ubavu, akaniwekea kidole juu ya doa kubwa jeusi. Huyu, akasema, ni changu doa. Yule wa pembeni hana doa, na mdomo wake ni mrefu zaidi. Huyo ana jina lake na ana mahali pake pa kukaa. Alinionyesha aina nne katika kapu ambalo mimi nilikuwa nimeliandika kwa neno moja.

Usiku huo nilikaa na kurasa za miezi iliyopita, zilizojazwa na waliokuwapo kabla yangu, nikaona kwamba sehemu kubwa ya kilo zote ilikuwa chini ya "changu" au chini ya "samaki mchanganyiko". Mtu anaweza kudhani ni jambo dogo. Lakini kila aina hukua kwa kiwango chake na hufikia umri wa kuzaa ikiwa na urefu wake, hivyo ukichanganya aina nne na kutafuta wastani wa urefu, wastani huo hauwezi kukuambia kama samaki wanavuliwa kabla hawajazaa. Hesabu inaharibika kwa kukosa jina, na jina lilikuwapo muda wote katika kinywa cha mzee aliyesimama ufukweni.

Ndipo nilipotambua kwamba nilichokipenda ofisini kwa mjomba na nilichokipenda pale mchangani kilikuwa kitendo kimoja: kuvipa vitu majina yake ya haki ili vihesabiwe kwa haki. Tunapoulizwa tunapenda nini, tunataja majina ya masomo, ilhali kazi hufanywa kwa vitenzi. Mwenye shauku nyingi ajiulize mikono yake inafanya nini katika zile saa ambazo hasikii kuchoka. Huenda akakuta mambo aliyodhani yanagombana yana mzizi mmoja. Marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, mzaliwa wa Lamu aliyefariki mwaka 2017, alikusanya maneno ya mabaharia na mafundi wa vyombo, akatunga mashairi, na pia akatubunia neno runinga. Sidhani kama kuna kozi moja ambayo ingemtosha.

Kutambua huko, lakini, hakuji kwa kukaa nyumbani. Huwa nakumbuka machimbo ya Bamburi, ambako shule nyingi za hapa hupeleka watoto kutembea. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kupanda miti katika mwamba mtupu uliobaki baada ya kuchimbwa mawe ya saruji. Alijaribu aina 26, zikastahimili tatu tu, mvinje ukiwa mmojawapo. Na hata mvinje ulipoota, majani yake yalirundikana bila ya kuoza mpaka alipoleta majongoo wayale na kuyageuza kuwa udongo. Hakuna kitabu kilichoweza kumwambia mapema ni ipi itakayoishi. Nawasihi wenzangu wajaribu vivyo hivyo, wiki mbili kwa fundi, mwezi kwa wakili, hata bila ya malipo makubwa, na wasione haya kwa zile ishirini na tatu zitakazonyauka.

Nimetia saini mkataba wa mwaka mmoja wa kuandikisha samaki. Mshahara ni mdogo kuliko ule wa mjomba, na nimekwisha kupanga kiasi cha HELB kitakachokatwa kila mwezi, kwa hiyo fedha za matumizi zitakuwa chache, na nimelikubali hilo. Mjomba alinyamaza nilipomwambia, kisha akaniomba niwe nikija Jumamosi kumtafutia namba za mizigo migumu, nikakubali kwa furaha. Baba bado hajaridhika. Bamvua inaanza keshokutwa na vyombo vitatoka alfajiri; leo jioni nimechora katika daftari safu mpya ya jina analolitumia mvuvi mwenyewe, na mzee ameahidi kuja mapema tuanze na changu.