Siku moja kwenye dawati la miamala shuku

Saa 1:30 asubuhi. Foleni ya usiku inanisubiri. Kila malipo yanayopita benki yetu hulinganishwa na orodha za vikwazo, yaani za watu na makundi yaliyozuiwa kutumia pesa, ya kwanza ikiwa ile ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Mashine ikitilia shaka, pesa zinasimama mpaka mtu azikague. Mtu mwenyewe ni mimi.

Nyingi ni kelele tu. Yule wa orodhani alizaliwa 1966, wetu ni mwanafunzi analipa ada. Naachia. Wanaoteseka zaidi ni kina Muhammad, Mohamed na Mohammed, jina moja, tahajia chungu nzima, na wenye nalo ni mamilioni. Ukienda kichwakichwa utafungia watu wasio na hatia kutwa nzima.

Saa 4. Hii sasa ina uzito. Akaunti moja, waweka pesa wengi wasiofanana kwa lolote, kila mmoja akibaki chini kidogo ya kiwango cha kuripotiwa, na zote zinatolewa siku hiyohiyo mbali na zilikowekwa. Huenda ni mchango wa msiba. Huenda ni mkwepa kodi. Fedha za ugaidi zina tabia ya kuudhi: zinaweza kutoka kwenye mshahara halali au sadaka, uchafu ukawa kule zinakokwenda. Wala si lazima ziwe nyingi. Tume ya Marekani iliyochunguza mashambulizi ya Septemba 11, 2001 ilikadiria mpango mzima uligharimu kati ya dola 400,000 na 500,000, tena zikipita benki kama pesa za kawaida. Ndiyo maana natazama zinaelekea wapi kuliko ukubwa wake. Naandika taarifa kwa kitengo cha serikali cha fedha haramu: nani, lini, kiasi gani, kwa nini nina shaka. Neno "gaidi" siliandiki. Hilo ni la mahakama.

Saa 6. Mteja kwenye simu, amekasirika. Sheria hainiruhusu kumwambia kwamba ameripotiwa. "Malipo bado yanakaguliwa, kaka, tuvumilie." Sentensi hiyo siipendi hata kidogo.

Saa 8. Mwendesha mashtaka amekuja kuniandaa kwa ushahidi wa kesi nyingine. Nani alichapa taarifa ya akaunti? Kutoka mfumo upi? Ilikaa kabati la nani? Saa nzima kwa karatasi moja. Kijana mpya wa ofisini kwetu akachoka: si magaidi wangepigwa tu mabomu yakaisha? Wakili akamrudisha 1993, bomu lilipoua watu sita World Trade Center, New York. Wapelelezi walifukua kwenye kifusi kipande cha gari lililobeba bomu, chenye namba ya utambulisho, kikawapeleka kwenye kampuni iliyolikodisha. Mohammed Salameh, aliyelikodi, akarudi pale kudai amana yake ya dola 400, akakamatwa. Ramzi Yousef, kinara wao, alinaswa Islamabad 1995 na kuhukumiwa New York.

Na takwimu zinamuunga mkono. Watafiti wa RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, walichunguza makundi 648 ya kigaidi ya kati ya 1968 na 2006: katika yaliyokwisha, asilimia 40 yalimalizwa na polisi na upelelezi, 43 yaliingia kwenye siasa, na jeshi lilimaliza 7. Ila nilimkumbusha wakili kwamba kesi za 1993 hazikuzuia 2001, na kwamba hati ya kukamata haina meno pale ambapo serikali yenyewe imewapa watu hao hifadhi.

Saa 10. Faili la kufungulia akaunti iliyozuiwa. Hapa ndipo naona tofauti na vita. Yassin Kadi, mfanyabiashara wa Saudi Arabia, aliwekwa orodhani 2001. Mwaka 2008 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikasema haki yake ya kusikilizwa ilivunjwa, na 2012 Umoja wa Mataifa ukamwondoa. Miaka kumi na moja ni aibu, lakini kombora halina rufaa.

Wa leo ni mtu aliyefanana jina na mwingine. Barua ya mamlaka imefika: siye. Nimebonyeza kufungua, sasa inatakiwa idhini ya pili, na bosi yuko kikaoni hadi saa 11. Mshahara wa mtu umefungwa humo tangu wiki iliyopita. Namfuata hukohuko kikaoni.